Kozi ya stadi za utafiti: niende, au nibaki mwaloni na dagaa wangu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika uhandisi mitambo, mwaka wa kwanza. Kwetu ni Ilemela, Mwanza, na majaribio yangu nayafanyia mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Utafiti wangu ni wa kuboresha teknolojia ya kukausha dagaa kwa nishati ya jua kwa maendeleo endelevu ya jamii ya wavuvi. Sasa chuo kimetulazimisha wote kuhudhuria mafunzo ya stadi za utafiti na mawasiliano: wiki mbili Dar es Salaam mwezi wa kumi, halafu vipindi vya jioni kwa intaneti. Mwezi wa kumi ndio vuli inaanza, na mimi nahitaji mvua na mawingu ili nijaribu kikaushio changu. Mimi ni mhandisi, kazi yangu ni kupima, si kuhutubia watu. Je, niombe kusamehewa? Na kama lazima niende, nitafute nini huko?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nenda, na uende na utafiti wako mkononi. Naeleza kwa urefu kwa sababu umeweka kozi upande mmoja na utafiti upande mwingine, na hapo ndipo tunapotofautiana. Kwa wanafunzi wa uhandisi niliowasimamia, anayeshindwa kueleza utafiti wake mara nyingi hana shida ya lugha. Kuna tundu kwenye jaribio lenyewe, na kueleza ndiko kunakolifichua. Ukiliona mwaka wa kwanza unaliziba kwa kalamu. Likionwa na mtahini siku ya utetezi wa tasnifu, unarudi mwaloni kuanza upya.

Tuanze na sentensi yako mwenyewe. "Kuboresha teknolojia ya kukausha dagaa kwa nishati ya jua kwa maendeleo endelevu ya jamii ya wavuvi." Isome tena taratibu. Hakuna kipimo chochote duniani kinachoweza kuonyesha kwamba sentensi hiyo si kweli. Umeboresha nini, kasi, usafi, au gharama? Kwa kulinganisha na nini? Mtahini akikuuliza "utajuaje kwamba umeshindwa?" utabaki unamtazama.

Sasa jaribu hii: "Siku ya mawingu, kikaushio changu kinafikisha dagaa kwenye unyevu wa asilimia 12 kabla jua halijazama, wakati dagaa wa fungu lile lile waliotandazwa kwenye chanja ya kawaida hawajafika." Sijui kama ni kweli, na wewe hujui bado. Ndiyo maana inafaa kuwa dai la utafiti. Kila neno lake linakudai kitu. "Siku ya mawingu" inakudai kipimo cha mionzi ya jua, maana wingu la Igombe saa tatu asubuhi si lile la saa tisa alasiri. "Asilimia 12" inakudai sampuli zilizokaushwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, ili unyevu wako usiwe wa kukisia kwa vidole. "Fungu lile lile" inakudai ununue dagaa wa mtumbwi mmoja, uwachanganye, kisha uwagawe nusu kwa nusu. "Chanja ya kawaida" inakudai uijenge kama wanavyoijenga akina mama wa pale, kwa urefu ule ule na wavu ule ule. Umeandika sentensi moja, nayo imekuchorea jaribio zima. Kozi nzuri ya mawasiliano itakufanya uandike sentensi ya namna hiyo siku ya kwanza, na wenzako wa umeme na ujenzi, wasiojua lolote kuhusu dagaa, wataishambulia mpaka isimame.

Nitazame kwa karibu mambo mawili ambayo nimeyaona yakiumiza watu wa ukaushaji.

La kwanza ni unyevu wenyewe. Dagaa mbichi wana maji karibu robo tatu ya uzito wao. Ukisema unyevu ni asilimia 75, umegawa uzito wa maji kwa uzito wote wa samaki. Mwingine anagawa uzito wa maji kwa uzito wa sehemu kavu peke yake, naye atakuambia samaki yule yule ana unyevu wa asilimia 300. Wote wako sahihi. Mwisho wa kukausha, asilimia 12 yako kwake ni 13.6. Tofauti ni ndogo pale mwisho na ni kubwa mno pale mwanzo, kwa hiyo ukichukua grafu ya mtu kutoka jaridani ukailaza juu ya yako bila kuangalia amegawa kwa nini, utadhani kikaushio chake ni cha miujiza au chako ni kibovu. Neno moja kwenye mhimili wa grafu linakata mzizi wa fitina. Na ukijizoeza kumwambia msomaji umegawa kwa nini, utaanza pia kuwauliza wengine wamegawa kwa nini.

La pili ni zito zaidi. Tuseme kikaushio chako kina trei 10. Siku moja umezijaza zote, ukapima, ukaandika: "jaribio limerudiwa mara 10." Hapana. Trei zote 10 zimepata jua lile lile, upepo ule ule, dagaa wale wale. Kuhusu hali ya hewa, umefanya jaribio moja. Anayetaka kusema jambo juu ya siku za mawingu, kipimo chake cha kurudia ni siku. Kila siku uwe na kikaushio na chanja bega kwa bega, kisha ulinganishe viwili hivyo ndani ya siku ile ile, halafu siku kwa siku. Ukipanga hivyo, mawingu yanayobadilika hayakuharibii kazi, kwa kuwa yanavipata vyote viwili kwa pamoja. Hili utalisikia kwenye vipindi vya takwimu. Usilale kwenye vipindi hivyo, hata mkufunzi akitoa mifano ya hospitali au mashamba ya mahindi. Badilisha mgonjwa kuwa siku, na dawa kuwa kikaushio, uone kama hesabu inakaa.

Umeniambia kazi yako ni kupima, si kuhutubia. Mawasiliano ninayoyapigania mimi yanaanza kwa kusikiliza, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini.

Chukua kilo moja ya dagaa mbichi wenye unyevu wa asilimia 75. Sehemu kavu ni gramu 250. Wakifika asilimia 12 watakuwa na uzito wa gramu 284 hivi, maana yake umetoa maji gramu 716. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwenye joto la kikaushio kunahitaji takribani megajuli 2.4, kwa hiyo kilo yako ya dagaa inadai megajuli 1.7. Sasa weka jua la kilowati-saa 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku, sawa na megajuli 18, na tuchukulie kwamba kikaushio kinatumia asilimia 30 ya jua hilo. Unapata megajuli 5.4, nazo zinatosha kilo 3 na kidogo za dagaa mbichi kwa kila mita ya mraba.

Beba namba hiyo uende nayo Igombe alfajiri, mitumbwi inaporudi na karabai zake. Tafuta mama anayenunua kwa ndoo. Usimweleze ufanisi wa joto. Mwambie unatengeneza kitu cha kukaushia, kisha unyamaze. Nina hakika swali lake la kwanza litakuwa: "Kinabeba ndoo ngapi?" Kama ndoo yake ina kilo 18, jibu la kweli ni kwamba kila ndoo inadai mita za mraba 6. Mwenye ndoo 20 anahitaji mita za mraba 120 za kikaushio kilichofunikwa, na kwa sasa, kama hana chanja, anawaanika juu ya mchanga, ambao haumgharimu chochote. Hapo utafiti wako umebadilika mbele ya macho yako. Swali si tena kama kikaushio kinakausha. Sasa unatafuta gharama ya kila mita ya mraba, na kama dagaa wasio na mchanga wanauzwa kwa bei inayolipa gharama hiyo. Dagaa wenye mchanga wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku, na wasafi huliwa na watu. Pengo la bei kati ya hao wawili ndilo linaloweza kukilipia kikaushio chako, na utalikuta soko la Mwaloni pale Kirumba kwa kukaa na wauzaji na kuuliza. Swali la yule mama linaingia kwenye sura ya kwanza ya tasnifu, pamoja na hesabu niliyokupa.

Wahandisi tunajidanganya kwamba namba zinajisema zenyewe. Mwaka 2003 zilishindwa kujisema, na watu 7 wakafa. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipigwa kwenye bawa na kipande cha povu gumu la kukinga tangi lake la mafuta wakati kinarushwa mwezi Januari. Kikiwa bado angani, wahandisi walitathmini madhara na kuwasilisha kwa slaidi. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha habari cha kutuliza moyo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba kipande kilichopiga kilikadiriwa kuwa cha inchi za ujazo 1,920, huku vile vilivyowahi kutumika kwenye majaribio vikiwa vya inchi 3. Hiyo ni tofauti ya mara 640. Data walizokuwa nazo hazikuhusu ajali iliyokuwa mbele yao, na habari hiyo ilikuwepo, imeandikwa, mahali ambapo jicho linafika limechoka. Tarehe 1 Februari Columbia kilivunjika kikirejea duniani. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huo, ilikosoa waziwazi tabia ya kutumia slaidi badala ya maandiko ya kiufundi. Mkufunzi akikuambia jambo kuu liende juu, na mipaka ya data iandikwe pale pale kwenye dai, mkumbuke Columbia, na usidhani anakufundisha mapambo.

Kwenye kikaushio chako mpaka wa data ni upi? Kwa mfano, umepima siku kavu za Julai halafu unadai kinafaa masika. Usiufiche ukurasa wa 140.

Sasa niguse upya wa utafiti, maana kwenye utetezi wa andiko lako hili litaulizwa kabla ya chai. Vikaushio vya jua vimefanyiwa utafiti nchi nyingi. Jibu la "haijafanyika Mwanza" halitoshi, na linanisikitisha kila ninapolisikia, kwa sababu Mwanza ina mengi ya kusema. Sema ni kitu gani cha ziwa kinachobadilisha fizikia ya ukaushaji. Samaki wanafika alfajiri hewa ikiwa bado na unyevu mwingi. Usiku ngurumo na mvua hujikusanya juu ya ziwa. Mchana upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Lipi kati ya hayo linakifanya kikaushio kilichosanifiwa kwa nchi kavu kishindwe hapa? Ukipata moja na ukalipima, una tasnifu. Mapitio ya maandiko unayafanya kwa lengo hilo: jedwali lenye safu za hali ya hewa, aina ya samaki, namna walivyogawa unyevu, idadi ya siku. Nafasi zilizobaki tupu kwenye jedwali ndizo zitakazokuonyesha pa kwenda.

Ukitaka kujua kozi hizi zimetoka wapi, mzizi mmoja ni Uingereza. Ripoti ya Sir Gareth Roberts ya mwaka 2002 kuhusu wanasayansi na wahandisi ilipendekeza kila mwanafunzi wa uzamivu apate angalau wiki mbili kwa mwaka za mafunzo ya stadi zinazomsaidia nje ya maabara. Hivyo wiki zako mbili si ukorofi wa mkurugenzi wa masomo ya juu. Pengine mtafanyishwa pia ule mchezo wa kueleza tasnifu kwa dakika 3 na slaidi moja isiyo na michoro ya kuchezacheza, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Ucheze kwa moyo wote. Lakini usiuchukue kama kilele cha mafunzo, kwa sababu dakika 3 hazina nafasi ya mbinu, na mbinu ndiyo uhandisi.

Mengine nayapita haraka. Anza kuandika sehemu ya mbinu wiki unayoanza kupima, wakati bado unakumbuka trei ipi ilikuwa juu. Chora grafu kwanza, kisha andika maelezo kuzizunguka. Wapitiaji wengi huanza na grafu. Data ghafi usiziguse kamwe, fanyia kazi nakala, na nakala zikae mahali pawili, si kwenye simu unayoingia nayo mtumbwini. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, likimbie. Programu za akili mnemba zinaweza kukunyooshea sentensi, lakini hutunga marejeleo yasiyokuwepo, kwa hiyo kila rejeleo lifungue mwenyewe na ulisome. Na msimamizi wako usimpelekee kurasa 60 ukiuliza "naomba maoni yako, Profesa". Mpelekee kurasa mbili na swali moja: "Je, chanja yangu ya kulinganishia ni ya haki?" Atakujibu wiki hiyo hiyo.

Ombi langu kwa siku zile za Dar ni kwamba udai mazoezi juu ya kazi yako halisi. Kila zoezi la kuandika, andika dagaa. Zoezi la kuhoji watu, lifanye kwa Kiswahili, kwa maswali utakayoyatumia Igombe, na mwombe mwenzako ajifanye mchuuzi mwenye haraka. Mkufunzi akitaka muhtasari wa utafiti wa kubuni, mwombe kwa heshima utumie wako. Nimeona wanafunzi wakitoka kwenye kozi hizi na jalada zuri la vyeti na andiko lile lile waliloingia nalo. Wewe toka na dai lililovumilia mashambulizi, mpango wa siku za majaribio, na hesabu ya mita za mraba.

Limebaki la tarehe. Unaogopa kupoteza mawingu ya vuli, na hofu hiyo ina msingi. Lakini fungua kalenda ya mwezi kabla ya kuandika ombi lolote. Dagaa wanavuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, na wewe huna cha kukausha hata mawingu yakijaa. Vuli yenyewe inaendelea mpaka Desemba. Wiki mbili za kozi zikiangukia mbalamwezi, unachopoteza ni siku chache tu za mwanzo au mwisho wa giza. Tumia miezi kabla ya Oktoba kufanya majaribio madogo ya kuzoea mizani, tanuri na vipimajoto, ili ukirudi usianze kujifunza vifaa mvua ikiwa inanyesha.

Zikiangukia siku za giza, usiombe kusamehewa. Omba kuhamishiwa kundi lingine. Mwandikie mratibu barua ya ukurasa mmoja: aya ya kwanza iseme unaomba nini, ya pili iseme ni tarehe zipi mwaloni kutakuwa na dagaa na zipi hakutakuwa nao, ya tatu itaje kundi unaloliweza. Ipeleke kabla orodha haijafungwa, na nakala mpe msimamizi wako.